Severance fainali ya msimu wa 2: mnaomtukana Mark mliangalia upande gani wa mlango?

Spoila zimejaa humu kuanzia aya inayofuata, kwahiyo kama hiyo fainali, "Cold Harbor", hujaiona toka sasa hivi, kaiangalie, urudi, mi sitaki lawama za mtu.

Haya. Imetoka Ijumaa tarehe 21 Machi 2025, nikaiangalia siku hiyohiyo taa nimezima na simu nimeitupa mbali, saa moja na robo hivi, ikaisha nikabaki nimekaa tu naangalia majina yanapanda. Kesho yake nikairudia. Halafu ndo nikafanya kosa la kwenda kusoma mashabiki wenzangu wanasemaje, aisee, nilikuta vita. Nusu ya watu wanamlaani Mark kama vile kamtelekeza dada yao wa tumbo moja kwenye ngazi, nusu nyingine wanashangilia kama timu yao imefunga dakika ya tisini, na katikati kuna wachache wanauliza kwa upole, jamani mbuzi vipi? Rafiki yangu mmoja tuliyeanza naye hii sirizi tangu episodi ya kwanza, kila mtu anaangalia kwake ila lazima tupigiane ikiisha, alinipigia usiku ule salamu hakuna, neno la kwanza "Kamuacha mkewe!" Nikamuuliza, mke wa nani? Akakata simu.

Kwa wale mnaoisikia kwa mbali nitawaelezea haraka. Kuna kampuni inaitwa Lumon, baadhi ya wafanyakazi wake wamekubali kuwekewa kachipu kwenye ubongo kanakogawa kumbukumbu katikati. Ukishuka na lifti kwenda ofisini yule wa nje anazima na anawaka mwingine ambaye hajui kama ana mke, ana mtoto, au hata jua likizama linakuwaje, dunia yake nzima ni korido nyeupe na kompyuta ya kizamani yenye namba zinazoelea. Jioni lifti ikipanda anazima yeye. Yani huyu mtu hajawahi kulala, hajawahi kurudi nyumbani, anafumba jicho akifumbua ni kazini tena. Wenyewe kwenye sirizi wana majina ya utani ya hao watu wawili, mi humu nitawaita wa ndani na wa nje tuelewane. Mark wa nje (Adam Scott) alikubali kwa sababu mkewe Gemma alikufa kwa ajali ya gari na msiba ukamshinda, akaona bora apate masaa nane kwa siku ya kutokuwa mfiwa. Kumbe mke hajafa, kafungiwa chini kabisa ya jengo lilelile mume anapofanyia kazi.

Msimu wa 1 uliishia Aprili 2022 na Mark wa ndani anapiga ukelele kwamba Gemma yuko hai, skrini ikakata, na sisi tukaachwa hivohivo mpaka Januari 2025. Karibu miaka mitatu! Najua mgomo wa waandishi na waigizaji wa 2023 ulichangia, lakini mtu ukimuacha na njaa miaka mitatu usishangae akija mezani na kelele. Kila shabiki alishajijengea nadharia yake, kaiezeka na kuipaka rangi, sasa dairekta Ben Stiller na mwandishi Dan Erickson wanakuja na jibu lao, lazima kuna watu nyumba zao zitabomolewa.

Sasa niseme kitu kinachoniudhi kwenye huu ubishi wa mashabiki. Wote wanabishania dakika tatu za mwisho, wakati kesi yenyewe iliamuliwa mwanzoni kabisa, kwenye kile kibanda cha kujifungulia. Ile sehemu ya kamera.

Mnaikumbuka? Usiku, kibanda kimetengenezwa kwamba ukiwa ndani unakuwa wa ndani, ukitoka kwenye kibaraza unakuwa wa nje. Kuna kakamera kadogo ka mkononi. Mark wa nje anajirekodi akiwa barazani, anaingia, anageuka wa ndani, wa ndani anaangalia ile video, anajirekodi jibu, anatoka, anageuka, anaangalia. Mtu mmoja anajibizana na nafsi yake kwa kupita mlango. Mwanzoni ni heshima tupu, wa nje anaomba radhi kwa kumuumba mtu ili amtwishe kazi, wa ndani anasikiliza kwa adabu, unaona kabisa hawa watapatana. Afu wa nje anaanza kuomba anachokitaka: nisaidie kumtoa mke wangu, na malipo yako nitaunganisha kumbukumbu zetu tuwe mtu mmoja, hutakufa. Wa ndani anawaza (Adam Scott pale ananyamaza tu ila uso unahesabu), anauliza, sasa mi nina miaka miwili ya kuishi na wewe una miongo, tukichanganywa kwenye chungu kimoja nani ataonekana? Swali la mtu mzima kabisa lile. Na wa nje badala ya kulijibu anajaribu kumbembeleza kwa kutaja mapenzi yake, anasema najua kuna mwanamke unampenda huko ndani, anaitwa...

Heleny.

Kalikosea jina. Jina la Helly, mfanyakazi mwenzake wa ndani, kalikosea! Nilirudisha nyuma mara mbili. Yule wa ndani anatulia kidogo, anarekebisha, na kuanzia hapo mlango unazidi kufunguliwa na kufungwa kwa hasira, sauti zinapanda, wa nje anaanza kumuongelesha kama mtoto anayenuna, na mimi kwenye kochi nikasema basi, imeisha hii, huyu hatoki. Maana mtu anakuomba uhai wako mzima na jina la mpenzi wako hajajisumbua kulijua. Ndugu zangu timu Gemma, stelingi wenu alishindwa kesi pale pale kwenye kibaraza, na wala hakushindwa na Helly, alishindwa na mdomo wake.

Kabla hatujafika mlangoni lazima niongelee vurugu za katikati maana huko episodi imenoga vibaya.

Mark anamaliza faili lake la 25, Cold Harbor yenyewe. Cobel, bosi wake wa zamani (Patricia Arquette), alishamwambia zile namba alizokuwa akizipanga muda wote zilikuwa Gemma, kila faili ni Gemma mwingine mpya anayetengenezwa, na hili likiisha hawamhitaji tena. Kwahiyo wakati skrini inasherehekea sisi tunajua tunachosherehekea. Anatoka Milchick, msimamizi wao wa ofisini, na sanamu la Kier mwanzilishi wa kampuni, wanataniana jukwaani kama wachekeshaji wawili, ila ule utani una miba, sanamu linamchoma Milchick na Milchick analirudishia huku anatabasamu kwa meno tu. Tramell Tillman huyu jamaa mumpe maua yake akiwa hai. Msimu mzima kampuni imemdhalilisha, wamemsema anatumia maneno makubwa na kubana karatasi kinyume, na bado anawatumikia. Kisha anafungua mlango inaingia bendi nzima ya matarumbeta! Ndani ya ofisi! Anacheza nao! Mashabiki wengine wamelalamika kwamba bendi imechukua muda mrefu wakati Gemma anakaribia kufa, mi nasema huo muda mrefu ndo ulikuwa unanichoma, kila goma likipigwa nilikuwa napiga kelele Mark toka, toka, toka basi.

Helly anamnyang'anya Milchick redio anamfungia chooni, Dylan mfanyakazi mwenzao anakuja kusaidia kusukuma mashine ya vitafunwa kuziba mlango, vurugu mtindo mmoja.

Halafu mbuzi. Tangu msimu wa 1 tulivyooneshwa yule jamaa anawanyonyesha mbuzi watoto kwa chupa mashabiki hawajalala. Watu waliandika makala ndefu, sijui wanatengenezwa nakala za binadamu, sijui mbuzi wana chipu. Jibu limekuja: mbuzi anachinjwa azikwe na marehemu ili amuongoze roho yake hadi mlangoni kwa Kier. Basi. Kafara la mazishi. Wengi wameona wametapeliwa, na nawaelewa, kwa sirizi ya sayansi ulitegemea maabara ukapewa matambiko. Mi binafsi limenitisha zaidi ya nakala za binadamu, maana maana yake jeneza la Gemma lilishapangwa mpaka na msindikizaji, huku juu wanapiga matarumbeta. Na Gwendoline Christie na yule mbuzi wake mikononi, anauliza ni wangapi tena lazima awatoe, nilimuonea huruma kuliko nilivyotegemea kumuonea huruma mtu anayefuga mbuzi kwenye chumba chenye zulia la nyasi.

Pigano la Mark na Drummond, yule mbabe wa Lumon, sitalisimulia lote, ila kuna sekunde moja ya kwenye lifti ambayo nimeshangaa watu hawaijadili vya kutosha. Mark wa ndani kamshikia Drummond shingoni ile bastola ya kuchinjia, wanashuka mpaka chini kabisa alipo Gemma, na huko chini Mark anarudi kuwa wa nje. Lifti inafika pale pa kubadilishia, mwili unashtuka kama kawaida, kidole kinabana, paa. Anayefumbua macho ni Mark wa nje, damu usoni, maiti mkononi, hajui hata anaitwa nani. Sasa nani kaua? Wa ndani alishika silaha ila hakukusudia kufyatua, wa nje kidole ni chake ila hakuwepo wakati inanyanyuliwa. Nilicheka kwa woga, halafu nikaacha kucheka, maana swali hilohilo ndo linakuja kuulizwa mlangoni dakika chache baadaye, hawa ni watu wawili au mtu mmoja? Kama ni wawili kwenye lifti basi ni wawili na kwenye ngazi. Huwezi kumtetea wa nje kwamba hakuua afu ukamshtaki wa ndani kwamba kamuacha mke.

Chini kule Gemma yuko chumbani anabomoa kitanda cha mtoto, skrubu moja moja, kwa utulivu wa kutisha. Kama uliangalia episodi ya 7 unajua kitanda kile ni nini kwake na mimba iliyoharibika. Lumon walitaka kujua kama chipu inaweza kuzuia hata maumivu yale, na inazuia, hana hata chozi. Dichen Lachman anayemcheza Gemma haongei sana ila mikono yake inaongea. Mark anaingia, huyu Gemma wa chumba hiki hamjui kabisa, mwanaume mgeni ana damu anamnyooshea mkono, na bado anamfuata. Wanatoka mlangoni, anamkumbuka, wanakumbatiana, hapo timu Gemma wote mlilia msinidanganye, hata mi nililia na mi siko timu yenu.

Kwenye lifti wanabusiana, lifti inapanda, na katikati ya busu wanageuka watu wengine. Ghafla ni Mark wa ndani na Bi Casey, yaani Gemma wa ofisini, wafanyakazi wawili wasiojuana vizuri midomo imegusana. Ile aibu! Kucheka na kulia kwa sekunde hiyohiyo.

Tumefika mlangoni. Taa nyekundu, ving'ora, Mark wa ndani anamkimbiza Gemma mpaka kwenye mlango wa ngazi, anamsukumia nje, na akishavuka tu anakuwa Gemma kamili anamuita mumewe aje. Na hapo Mark ana hatua moja. Moja. Akivuka, yeye wa ndani ndo kwaheri, anaweza asiwake tena milele. Anaangalia kioo cha mlango, mwanamke analia anagonga. Nyuma ya korido anatokea Helly, hasemi kitu, kasimama tu. Mark anaangalia huku, anaangalia kule. Anageuka. Anamfuata Helly, wanashikana mikono wanakimbia kwenye korido ambazo hazina pa kutokea, wimbo wa zamani unapigwa juu, picha inaganda. Nyuma kule Gemma bado anapiga kelele.

Mi nimeiangalia sehemu hii mara tano na kila mara moyo unapasukia upande wa Gemma. Sifichi. Mwanamke kateswa miaka miwili, kafanywa watu zaidi ya ishirini, mmoja anaishi kwa daktari wa meno tu, mwingine anaishi kwenye ndege inayoyumba tu, mwingine kuandika kadi za shukrani mpaka mkono unauma, anakuja kuokolewa, anabaki upande wa pili wa kioo peke yake ndani ya ngazi za watesaji wake wala hatujui kama atafika nje. Inauma. Ila inauma kwa sababu ni msiba, hakuna msaliti pale. Yule Mark aliyegeuka hajawahi kuoa. Hajawahi kumuona Gemma akicheka. Alichofanya ni kumuokoa mke wa mtu kwa hatari ya maisha yake, kisha akaombwa ajiue kama zawadi ya nyongeza, akakataa. Nyie mngekubali?

Rafiki yangu anasema mwili ni wa Mark wa nje, huyu mwingine ni mpangaji. Sawa, hoja nzito hiyo, ila mpangaji hakuomba kupanga. Alizaliwa mezani, kwa saini ya mtu mwingine. Na episodi yenyewe imejibu kwa upande wa Dylan kama mtu ungekuwa makini: Dylan wa ndani kaomba kuacha kazi, kwa lugha yake hiyo ni kuomba kufa, na Dylan wa nje anamjibu kwa barua. Ana wivu kwa sababu ya mkewe, anamwambia wazi nimekasirika, lakini anamuachia aamue mwenyewe. Barua moja fupi, na yule wa ndani anasimama kutoka kwenye kiti akiwa mwanaume mpya. Mark wa nje angeandika barua ya namna hiyo badala ya kutoa ahadi za mkopo pengine leo Gemma angekuwa na mume.

Kuna kundi la tatu ambalo linanichekesha, linaapa kwamba yule aliyetokea kwenye korido ni Helena, binti wa mwenye kampuni ambaye ndo Helly wa nje, kajifanya Helly tena kama alivyofanya mwanzo wa msimu mpaka Irving mfanyakazi mwenzao akamzamisha kichwa mtoni ndo ukweli ukajulikana. Wamechambua anavyosimama, anavyoangalia, mpaka kona ya mdomo. Mi sioni. Ila heshima kwa Britt Lower, maana kucheza watu wawili mpaka watazamaji wanashindwa kulala wakikagua mdomo wako ni kipaji cha ajabu.

Kasoro zipo sasa msidhani nimelewa. Irving hayupo! Episodi iliyopita Burt mpenzi wake kampandisha treni kaondoka, na fainali haijamgusa kabisa, mtu aliyetubebea nusu ya msimu mgongoni. John Turturro hata sekunde tano za dirishani kwenye treni zingetosha. Pili, bado sijui Lumon wakishaondoa maumivu yote duniani wanataka kuuza kwa nani na kwa ajili gani, misimu miwili na bado wanaongea kwa mafumbo ya dini yao. Tatu, episodi ya 8, ile ya Cobel kurudi kijijini kwao, ilikuwa na jibu kubwa, kwamba yeye ndo aliyebuni chipu, ila ilifinyangwa kwa ubaridi, chini ya dakika 40 na bado niliona ndefu. Kama dakika zake zingehamishiwa kwa Irving nisingelalamika. Na ile ya 7 ya Gemma, aliyoiongoza Jessica Lee Gagné ambaye ni mpiga picha mkuu wa sirizi, kwangu bado ndo bora ya msimu, fainali inakuja ya pili kwa unywele.

Maksi zangu, fainali tisa juu ya kumi. Hiyo moja nimeikata kwa niaba ya Irving.

Msimu wa 3 wameshautangaza siku hiyohiyo ya fainali, kwahiyo angalau tunajua unakuja, naomba tu wasituweke tena miaka mitatu maana mi na rafiki yangu hatutafika. Tumepatana kidogo jana, kanitumia ujumbe, kanisalimia vizuri kabisa, ila jina langu kalikosea herufi mbili. Nikamrekebisha. Akajibu "Samahani", akalikosea tena.